Ua la Maji na Chungu cha Bibi

Nilikutana na yungiyungi la kwetu kwenye skrini ya kompyuta, saa saba za usiku, likiwa limevalishwa jina la Kilatini.

Nilikuwa natafuta kitu kingine. Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inahusu mimea iliyotoka Unguja kwenda ng'ambo katika karne ya 19, na ukimwambia mtu hivyo anadhani unazungumzia karafuu. Usiku ule nilikuwa nafungua kurasa za majarida ya zamani ya botania, zile zilizopigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, nikitafuta habari za sandarusi. Macho yangu yakaangukia maneno mawili: Nymphaea zanzibariensis. Nikayasoma mara mbili. Nikatafuta mchoro wake. Ukafunguka polepole, kwa sababu mtandao wa bweni letu usiku hujikokota: kwanza majani ya mviringo yaliyolala juu ya maji, kisha kikonyo, kisha ua la buluu iliyoingia zambarau, na katikati yake rangi ya manjano.

Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Hili si yungiyungi la bondeni?"

Kwetu ni upande wa Mwera. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna bonde la mpunga, na mwisho wa bonde, pale ambapo maji hayakauki hata kiangazi, kuna dimbwi. Utoto wangu wote lilikuwa limejaa mayungiyungi. Tulikuwa tunaingia mpaka magotini, tunakata ua na kikonyo chake kirefu, kisha tunakivunja kikonyo vipande vipande huku na huku bila kukata ngozi yake ya nje. Vipande vinabaki vikining'inia kwenye uzi wa ngozi kama shanga, na ua linakuwa kidani kifuani. Ilikuwa lazima uwahi. Ua lenyewe hufunguka jua likishapanda, na kufika alasiri limeshajifunga. Kidani cha asubuhi kikifika chuoni jioni kimekuwa kamba tu.

Tulijua pia, bila ya kufundishwa, kwamba ua jipya huua nyuki. Siku yake ya kwanza linakuwa na kidimbwi kidogo katikati. Nyuki anayetoka ua jingine akiteleza humo hafufuki tena, na chavua aliyokuja nayo inabaki pale pale, ambapo ua linaihitaji. Siku ya pili kidimbwi hakipo, nyuki anaingia na kutoka salama, amebeba chavua ya kwenda kufia kwingine. Likishapata mbegu, ua hurudi chini ya maji na tunda hukomaa huko, gizani. Haya ya mwisho niliyasoma ukubwani. Utotoni tulidhani maua yanakwenda kulala.

Nikaacha sandarusi. Kwa wiki tatu nilifuata ua.

Aliyelitoa Unguja ni Mjerumani aliyeitwa Johann Maria Hildebrandt, aliyezaliwa mwaka 1847. Ujanani alipoteza jicho moja katika ajali, akaingia kazi ya bustani Berlin, kisha mwaka 1872 akasafiri kuja upande wetu wa dunia kukusanya mimea na wanyama kwa ajili ya makumbusho na wanunuzi wa Ulaya. Unguja ilikuwa kituo chake. Kutoka hapa alikwenda Nzwani, pwani ya Wasomali, na mwaka 1877 alipanda kutoka Mombasa mpaka Kitui akitaka kuufikia Mlima Kenya, asiufikie. Alifia Antananarivo mwaka 1881, hajafika miaka 35. Mtu mmoja, jicho moja, na maelfu ya mimea iliyokaushwa ambayo hadi leo ina jina lake kwenye vibandiko.

Mwaka huo huo wa 1877, profesa Robert Caspary wa Königsberg, mji ambao sasa unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, alilitangaza yungiyungi la Hildebrandt kuwa aina mpya kwa sayansi na kulipa jina la kisiwa chetu. Caspary alikuwa bingwa wa maua ya majini. Katika mji ule, bahari ya jirani huweza kuganda wakati wa baridi. Nikimfikiria akiandika neno Zanzibar kwa wino wakati nje theluji inaanguka, namwonea wivu na huruma kwa pamoja.

Kilichofuata ni biashara. Katika miaka ya 1880 matajiri wa Ulaya na Marekani walishikwa na mapenzi ya mabwawa ya bustani. Kulikuwa na nyumba za vioo zilizopashwa moto kwa mvuke, na ndani yake maji ya vuguvugu yaliyongojea maua ya nchi za joto. Katika jimbo la New Jersey, kwenye mji wa Bordentown, bwana Edmund Sturtevant alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuyafanya maua ya majini kuwa kazi ya kuuza na kununua. Yungiyungi la Unguja liliingia kwenye orodha za wauza mimea kwa rangi mbili, la buluu na la waridi. Sifa yake ilikuwa kwamba hukua haraka kutokana na mbegu, hutoa maua mfululizo, na ua lake ni kubwa na lina harufu. Mwaka 1897 Henry Conard na William Tricker, huko Philadelphia, walilizalisha pamoja na yungiyungi la buluu la Mto Nile wakapata mtoto waliyemwita Blue Beauty, ambaye anauzwa mpaka leo. Mwaka 1905 Conard akatoa kitabu kikubwa juu ya mayungiyungi yote ya dunia, na la kwetu limo.

Huyo mzazi mwingine, yungiyungi la Nile, ana historia ya kutisha kwa urefu. Wamisri wa kale walilichora kwenye kuta za makaburi, wakalinusa kwenye karamu, wakalivisha maiti. Mwili wa Farao Ramses wa Pili ulipotolewa mafichoni karibu na Luxor mwaka 1881, mataji ya maua hayo yalikuwa bado juu yake, yamekauka lakini yanatambulika, zaidi ya miaka elfu mbili tangu yalipowekwa. Na mwaka 1989 mtaalamu Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kwenda bustani ya Kew, aliyapanga upya mayungiyungi ya Afrika Mashariki. Kwa mpango wake, la Nile na la Unguja ni ndugu wa tumbo moja, yote ni namna za Nymphaea nouchali, jina lililotolewa mwaka 1768 kwa mmea wa Bara Hindi. Ni ua hilo hilo ambalo Bangladesh imelifanya ua la taifa, na Sri Lanka nayo vile vile. Unguja ikashushwa cheo, kutoka aina kamili mpaka namna. Sikusikitika. Nililiona kuwa jambo la kawaida kwa watu wa bahari yetu, kugundua kwamba jirani wa ng'ambo ni shangazi yako.

Niliwasilisha haya yote kwenye semina ya idara, na picha, na ramani yenye mishale kutoka Unguja kwenda Königsberg na Philadelphia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali magumu. Lililokuja lilikuwa jepesi. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono akauliza, "Na wenyeji walilitumia kwa nini?"

Nikajibu kwa haraka kwamba kwenye nyaraka hakuna matumizi yaliyoandikwa. Kisha, kwa sababu kimya kilikuwa kirefu, nikaongeza, "Watoto walilifanya kidani." Watu wakacheka kwa wema. Nami nikacheka. Lakini usiku sikulala vizuri, maana nilijua nimesema nyaraka hazina kana kwamba nyaraka ndizo zilizokuwa na magoti kwenye tope.

Ijumaa iliyofuata nikavuka na boti, nikapanda daladala mpaka kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Chuo hakikulishi?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, anachambua mchicha. Nikamwonyesha ule mchoro kwenye simu. Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu.

"Yungiyungi," akasema. "Nani kalichora?"

"Wazungu, bibi. Zamani. Walilichukua huku wakalipanda kwao, wakaliuza."

"Waliliuza?" Akaweka mchicha chini. "Nani ananunua gugu?"

Kwake yeye lilikuwa gugu. Bibi amelima mpunga bondeni tangu alipokuwa msichana, na kwenye mashamba ya maji mengi yungiyungi ni adui. Majani yake yanafunika maji, mche wa mpunga unakosa jua. Alinieleza jinsi wanawake walivyoshuka kwa safu, kanga zimefungwa juu, mkono unafuata kikonyo mpaka chini kwenye tope, unatafuta kiazi, unang'oa. Ukikata juu tu umefanya kazi bure, baada ya wiki limerudi. Kwa hiyo unang'oa na kiazi chake, unatupa kwenye tuta.

"Mlivitupa vyote?" nikauliza.

Akachukua tena mchicha. Akachambua matawi matatu au manne.

"Vyengine tulivipika," akasema.

Hapa lazima nimkumbushe msomaji nyakati. Visiwa hivi vimekula mchele wa kuletwa kwa muda mrefu. Katika vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoichukua Burma mwaka 1942, mchele wa Burma ulikatika na Unguja ikahangaika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaka visiwa vijilishe vyenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele wa nje ulipunguzwa sana. Kilichopatikana kiligawiwa kwa mgao. Wazee wetu wanakiita kipindi cha foleni, na wakikitaja wanashusha sauti, hata leo, hata ndani ya nyumba zao.

Bibi wakati huo alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Babu alikuwa na maradhi ya kifua. Muhogo ulikuwepo, lakini si kila siku, na muhogo mchanga ukiuchimba leo umekula wa kesho. Alikuwa akirudi kutoka bondeni na viazi vya yungiyungi ndani ya pakacha, amevifunika kwa majani ya mpunga ili asiulizwe njiani. Ni vidogo, mfano wa yai la kuku wa kienyeji, vyeusi kwa nje. Unaviosha tope maji mengi, unavichemsha, unavimenya, ndani ni vya manjano. Maji ya kwanza unayamwaga kwa sababu ni machungu. Kisha unavirudisha chunguni na chumvi, na nazi kama ipo.

"Vina ladha gani?"

"Vya kujaza," akasema bibi. "Mama yangu aliniambia wao walivila wakati wa vita. Yeye ndiye aliyenionyesha. Mbegu pia, zile ndogo ndogo ndani ya tunda, unazikausha na kuzikaanga. Kazi nyingi, kinywa kidogo."

Nilikuwa nimewasha kinasa sauti kwenye simu, na nilikuwa nimemwambia. Sasa akakinyooshea kidole.

"Hayo usiyaandike."

"Kwa nini, bibi?"

"Watu watasema tulikula magugu ya bondeni. Babu yako alikuwa mtu anayejulikana."

Nikazima kinasa.

Usiku nililala chumba cha uani nikawa najihoji. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeshajenga hoja kichwani, nzuri, yenye pande mbili: wao walilitazama ua, sisi tulilila, wao wana orodha za bei, sisi tuna njaa. Msimamizi wangu angeipenda. Lakini bibi hakuwa upande wowote wa hoja hiyo. Yeye aling'oa ua kwa chuki ya mkulima, akala kiazi kwa siri ya mama, na nilipomuuliza kama aliwahi kuliona zuri, alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji ni majimaji. "Asubuhi, kabla hatujaanza kung'oa," alisema, "lilikuwa linapendeza kweli. Lakini si ua la kuvaa. Asumini unaivaa usiku, inanukia mpaka asubuhi. Kilua unakitia kwenye kikuba. Hili ukilitoa kwenye maji limekufa."

Asubuhi, wakati wa chai, nikamweleza habari za Botswana. Nilimwambia kwamba kule kwenye delta ya Okavango watu huchimba viazi vya yungiyungi hili hili, wanaviita tswii, wanavipika pamoja na nyama, na ni chakula cha heshima kinachowekwa mbele ya wageni.

"Na nyama?" akauliza.

"Na nyama, bibi."

"Basi hao hawakuwa na shida."

Nikamwambia pia habari za Sudan Kusini. Mwaka 2017 ilipotangazwa njaa katika maeneo ya Leer na Mayendit, watu waliokimbia vita walijificha kwenye vinamasi na wakaishi kwa mayungiyungi. Wanawake waliingia majini shingoni kuyatoa. Hilo hakulitolea neno. Alivunja mkate wake vipande vidogo, hakula. Baada ya muda akauliza, "Walikuwa na watoto?"

"Walikuwa nao."

"Na nazi hawana huko."

"Hawana."

Akatikisa kichwa.

Tulishuka bondeni pamoja saa tatu, yeye na bakora yake, mimi nimebeba ndoo kwa sababu alisema nibebe. Sijawahi kumwona akiwa na haraka, na siku ile pia hakuwa nayo. Mpunga wa mwaka huu ulikuwa mdogo. Tulipofika kwenye kona ya miembe nikaona kwa nini alitaka kuja. Zaidi ya nusu ya dimbwi ilikuwa imefunikwa. Malori yalikuwa yamemwaga kifusi: udongo mwekundu, matofali yaliyovunjika, vipande vya marumaru za bafuni. Mwenye kiwanja amepatikana, na anajenga. Kwenye sehemu iliyobaki, iliyo kama ukubwa wa ukumbi wa nyumba, mayungiyungi yalikuwa yamefunguka, kiasi cha kumi na tano hivi, ya buluu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilifikiria ramani yangu na mishale yake. Ua hili halitapotea duniani. Lipo kwenye mabwawa ya Marekani na Ulaya, lipo kwenye kitalu chochote kinachouza Blue Beauty, na lipo kwingine hapa hapa Afrika Mashariki. Kitakachopotea kikifukiwa hapa ni kidogo zaidi, na hakimo kwenye orodha yoyote: mahali ambapo mkono wa mama wa bibi ulimwonyesha bibi jinsi ya kufuata kikonyo mpaka chini.

"Ingia," akasema bibi. "Mimi magoti hayataki tena."

Nikavua viatu, nikakunja suruali. Tope lilikuwa la baridi kuliko nilivyokumbuka. Akaniongoza kutoka ukingoni kwa bakora: si huyo, huyo mchanga, yule mwenye majani mengi, shika kikonyo, usivute, shuka nacho, ukifika chini zungusha vidole. Nilikosa mara mbili. Mara ya tatu nikakihisi, kigumu na chenye manyoya ya mizizi, nikakizungusha kikatoka. Nikatoa vitano.

Akavichukua kimoja kimoja, akavibonyeza kwa dole gumba. Kimoja akakirusha nyuma kwenye maji.

"Kimeoza," akasema. "Viwili tia kwenye pipa lile lililopasuka ukingo, pale uani, na tope lake. Tuone kama vitakubali. Viwili nitapika."

Tulipanda taratibu kurudi nyumbani. Karibu na mlango akasimama kupumua, mkono wake begani kwangu.

"Hicho kitabu chako," akasema.

"Tasnifu, bibi."

"Jina langu usilitie."

"Sitalitia."

"Na kama unaandika, andika sawasawa. Maji ya kwanza yanamwagwa. Mtu asije akayanywa akaumwa na tumbo, akasema ni mimi."

Nimeyaandika. Maji ya kwanza yanamwagwa. Tulivila mchana ule kwa chumvi na tui zito, tukiwa watu wanne kwenye sinia moja, na viazi viwili vilitosha kila mtu kuonja mara moja. Vilikuwa na ladha ya muhogo uliokaa karibu na ardhi yenye maji, na mwisho wake uchungu kidogo. Mtoto wa shangazi, mwenye miaka sita, alitafuna, akafikiri, akaomba tena. Bibi akampa kipande chake.